Vijiti Nilivyovipiga Msasa

Shauri Moyo,
Jumapili mchana

Mwende wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kunyolewa, nami nimekaa hapa mezani haraka kabla hujarudi na kichwa kitupu nikaanza kulia. Habari za sanduku sitaziandika. Blanketi umefunga, soksi umefunga, ile dawa ya kifua iko ndani ya kiatu cha kushoto, na ukisahau kitu huko chuo cha polisi watakupa au utajifunza kuishi bila. Kesho saa kama hii utakuwa mikononi mwa watu wa kukupigia filimbi, na hakuna atakayekuuliza kama umeshiba. Hilo nimelikubali. Nimelikubali tangu Ijumaa, na leo nalikubali tena.

Unanijua mimi na kalamu. Niliacha shule darasa la nne, na mwalimu alikuwa akisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyetoka matopeni. Kwa hivyo soma polepole. Na usisome kwenye gari, watu wakikuchungulia begani. Soma ukiwa peke yako, kwa sababu humu ndani kuna jambo ambalo sijaweza kukuambia tukiangaliana. Wewe ukinikazia macho, mimi huanza kutafuta sufuria ya kuosha.

Jambo lenyewe ni la Mzee Okumu na video yake.

Najua unaijua habari hii. Ulikuwepo. Lakini kwa miaka minane mimi ndiye nimekuwa nikiisimulia, na nimeisimulia vibaya mpaka watu wameizoea hivyo. Hata baba yako anaijua vile ninavyoisimulia mimi. Nataka uende na ile ya kweli, iliyotoka mkononi mwangu.

Unakumbuka kile chumba cha mwisho, upande wa kuelekea Gikomba? Mabenchi manne, magunia dirishani ili giza liingie, na ubao wa chaki mlangoni: LEO PICHA MBILI, KUNG FU MOTO. Mzee Okumu alikuwa amestaafu reli, na kiinua mgongo chake chote alikiweka kwenye ile TV na ile deki ya kuchezea kanda. Mimi nilikuwa nikikuambia, "Nisikuone pale." Nawe ulikuwa ukisema, "Sawa, mama," halafu jioni nakukuta nyuma ya nyumba umesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mikono juu, unalia "Hooo-yaa!" na kuku wa jirani wanakimbia. Msichana mzima. Wenzako walikuwa wakiruka kamba.

Siku moja nikaja kukutoa kwa sikio. Uliniona naingia ukateremka chini ya benchi, unakumbuka? Nilikuwa na aproni yangu na vumbi la mbao mwilini. Ndani kunanuka miguu na maganda ya karanga. Nikasimama katikati nikitafuta kichwa chako gizani, na wavulana wakaanza, "Mathe, toka mbele! Mathe, wewe si kioo!" Mzee Okumu akasema kwa ustaarabu wake wa reli, "Mama Mwende, toka au kaa, lakini usisimame." Nikakaa. Nilijiambia nakaa kidogo tu, macho yazoee giza.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukukijua kule chini ya benchi. Ile picha ilinishika. Kulikuwa na kijana ambaye mwalimu wake ameuawa, na wale waliomuua wanakula na kucheka. Sikuelewa lugha hata neno moja, lakini yule kijana alipoingia mlangoni peke yake nilishika mkono wa mtoto wa watu niliyekaa naye, nikaubana. Alipowapiga, nilisema "Mpige!" Mimi, mama wa kanisa. Tulipotoka nilikuwa nimesahau kukuvuta sikio. Nilitembea mikono ikiwa mbali na mwili, na kama ningekutana na wale askari wa kaunsili walioninyang'anya vinyago mwaka ule, sijui ningefanya nini. Moto ule uliniishia nikiwa kwenye foleni ya maji. Ndoo ilipojaa nilikuwa mimi tena.

Kwa hivyo mtu asiniambie zile picha ni upepo mtupu. Zilipita ndani yangu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Mtu asiniambie pia kwamba ndizo zilizofanya yaliyofuata. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na mimi ndiye ninayejua nilikosema uongo.

Yaliyofuata ni haya.

Unajua kazi yetu. Baba yako huchonga, mimi hupiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka twiga ang'ae. Wakati ule alikuwa amekwenda Mombasa na vinyago, akaacha rundo la twiga waliovunjika miguu. Ukaja ukaniletea miguu miwili, mirefu sawasawa. "Mama, nilainishie hii. Nataka kutengeneza vishikio vya kamba ya kuruka."

Nilifurahi! Nilijiambia, asante Mungu, mtoto amerudi kuwa msichana. Nikavipiga msasa vile vijiti kama ninavyolainisha kazi ya kwenda kwa wazungu: msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini, halafu kitambaa. Nikavipaka rangi. Siku mbili baadaye nikavikuta vinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chako, na katikati kuna cheni ya baiskeli.

Hakuna mtu anayeruka kamba ya chuma. Nilijua hapo hapo. Nilijua ni ile nanchaku yenu ya kwenye video. Ningeweza kuikata ile cheni. Badala yake nilikuambia, "Hebu nionyeshe." Ukazungusha huku, ukazungusha huku, ukapitisha chini ya kwapa, ukavunja kioo cha taa, na mimi nikapiga makofi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Eeh, askari wangu!" Ndiyo, hilo neno lilitoka kwangu zamani hivyo. Nilikuona una mikono myepesi na hujui kuogopa, na mimi maisha yangu yote nimeogopa: mwenye nyumba, kaunsili, mbwa, radi. Nilikupenda siku ile mpaka kifua kikaniuma.

Halafu ikaja Jumamosi ya bombani.

Ulikuja unalia. Kamau wa Mama Wanja alikuwa ametoa ndoo yako kwenye foleni, ukamwambia, akakupiga kofi. Yeye alikuwa na miaka kumi na tatu, mkubwa kwako kwa kichwa kizima. Mimi nilikuwa na oda ya vifaru, nimechelewa, na sikuinua hata kichwa. Nilikuambia maneno ambayo mama yangu aliniambia mimi, na ambayo kila mama hapa Shauri Moyo amemwambia mtoto wake: "Usiniletee machozi hapa. Rudi ukamrudishie. Ukija tena hujamrudishia, nitakuongeza."

Ukaingia ndani. Nilisikia msumari ukigonga ukuta ulipokiondoa kile kitu. Nilisikia, Mwende. Nikaendelea na kifaru.

Sitakuandikia ulivyompiga. Ulikuwa mtoto, na nadhani bado unauona ule mdomo ukifumba macho. Mimi huona zaidi siku zilizofuata, kwa sababu nilikuwa nikimpelekea uji. Taya limefungwa, uji unapita pembeni kwa mrija, na Mama Wanja anamfuta kidevu kama mtoto mchanga. Kwenye zile picha mtu akipigwa huanguka nje ya kioo na kamera ikamwacha. Hatukuwahi kuonyeshwa mama wa yule aliyeanguka. Kama kuna kosa ninaloliona katika sinema, mimi nisiyesoma, ni hilo. Zilikuonyesha mkono unavyozungushwa. Uji hazikukuonyesha. Lakini sababu ya kuuzungusha ule mkono haikutoka kwa Mzee Okumu. Niliitoa mimi, nikiwa nimekalia kigoda, bila kuinua kichwa.

Sasa hapa ndipo nataka ukae vizuri.

Kamau alipopelekwa hospitali na wanaume, akina mama walikusanyika mlangoni pa Mama Wanja. Mimi nilikuja mbio na mwiko mkononi, maana nilikuwa nimeinjika sima. Mama Wanja alikuwa amekishika kile kitu, kina damu. Akakiinua usoni pangu.

"Mama Mwende! Mtoto wa kike! Ametoa wapi kitu kama hiki?"

Wote wakaniangalia. Mwanangu, kulikuwa na nafasi pale. Nafasi ndogo, kama pumzi moja. Ningeweza kusema, "Nimekilainisha mimi, na mimi ndiye niliyemtuma." Lakini niliona macho yao, nikaona vile watakavyoniita, nikaona nikipita bombani bila mtu kunisalimu.

"Kwa Mzee Okumu," nikasema. "Anawauzia."

"Anawauzia?"

"Anawauzia."

"Anawauzia watoto hivi vitu?"

"Mimi nakuambia anawauzia!"

Mara ya tatu nilipiga kelele, kwa sababu mara ya kwanza hata mimi sikujiamini. Na ile kelele ndiyo iliyowasha. Mwingine akasema, "Si nilisema mimi? Hiyo video ndiyo inatuharibia watoto." Mwingine, "Wangu alinirukia teke juzi nikimwambia aoge." Mwingine, "Leo aifunge!" Tukaondoka. Nakuambia ukweli, sikuburutwa. Nilikuwa mstari wa mbele.

Mzee Okumu alikuwa anafagia maganda ya karanga. Akatuona akatabasamu. "Karibuni akina mama, lakini leo hakuna picha ya mapenzi." Maskini, alidhani tumekuja kwa wema. Kisha benchi likapinduliwa. TV ikavutwa kwa waya. Yeye akakumbatia deki kwa mkono wa kulia, hakupigana, aliikumbatia tu kama mtoto, na kuna mtu akausukuma mlango ukambana mkono pale pale. Nilisikia mfupa. Na kabla ya mfupa au baada yake, sikumbuki, mimi nilimpiga kwa mwiko. Begani. Mara moja.

"Niambieni kosa langu kwanza," alisema. "Akina mama, niambieni kwanza."

"Unawauzia watoto silaha!"

Mama Wanja akamwonyesha. Akaangalia vile vijiti. Akaangalia kwa muda, mkono umelegea hivi. Halafu hakujibu neno. Sisi tukasema, mnaona, amenyamaza, ni kweli.

Nilipogeuka, wewe ulikuwa umesimama mlangoni.

Jioni ile sikula. Wewe pia hukula. Ukaniuliza, kwa sauti ndogo, bila ukorofi, nakumbuka hukuwa na ukorofi wowote: "Mama, na wewe ulikuwa umeangalia sinema gani?"

Nikakupiga kofi.

Umenisamehe lile kofi, najua, ulinisamehe kesho yake ukaniletea maji ya kuoga. Swali ndilo halijaondoka. Nimekaa nalo nikipiga msasa, nimekaa nalo kanisani. Wale wanawake wengi hawakuwa wamewahi kuingia kwa Mzee Okumu. Hata redio wengine hawakuwa nayo. Mimi niliangalia picha moja, na kwenye ile picha hakuna mtu aliyempiga mzee anayefagia. Kumpiga mtu kwa sababu wengine wanampiga sikufundishwa na video. Nililelewa nikiona watu wakiitana "Mwizi!" na kila mmoja akiokota alichonacho bila kuuliza ni nani na amechukua nini. Hata ile Gikomba yetu, siku za zile fujo za mjini, tulikimbia askari na mizigo kichwani, lakini siku za kawaida tulikimbiana wenyewe kwa wenyewe. Hayo tuliyaona mchana, bila magunia dirishani, na mtoto hakuambiwa toka hapa.

Halafu wewe ndiye ulinisimulia baadaye kwamba Mzee Okumu, pale penye damu nyingi, alikuwa akisimama mbele ya TV na koti lake la reli amelipanua kama mbawa, nyinyi mkipiga kelele "Mzee, toka!" naye anasema, "Bado, bado, watoto wadogo wapo." Nilikuambia unyamaze, nina kazi.

Akahama. Wakasema amekwenda kwa nduguye, kwenye zile nyumba za reli kule Muthurwa. Mimi nikabaki nikisalimiwa vizuri sana bombani. Tena nikachaguliwa msemaji wa kikundi chetu cha akina mama, yule wa kuongea mbele ya wageni. Akija mgeni kutoka kanisani kuuliza habari za watoto na video, wananiita mimi. "Mama Mwende anajua, yalimpata." Nami nasimulia. Nilifika mahali nikaanza kuamini.

Ingeendelea hivyo mpaka nizikwe, kama si ile siku ya uwanjani, ya kuandikishwa askari.

Nilikuja kukuangalia, ukanikataza, nikaja. Nilisimama nje ya uzio na akina mama wengine. Nilikuona ukikimbia, nikakuona ukipimwa urefu, ukafungua mdomo wakakuangalia meno, yule afande akakuandika nambari mkononi. Niliimba bila sauti. Halafu nikaona mstari wa wavulana, na Kamau yumo. Sikujua kama naye amekuja. Amekuwa mwanamume, mabega haya. Alikimbia akaingia wa pili. Wa pili, Mwende! Wakafika kwake. "Fungua mdomo." Akafungua. Yule afande hakuchukua hata muda wa kumeza mate. "Wewe, toka."

Meno mawili ya juu hayapo.

Na kijana yule, badala ya kwenda kujificha, akaja kwako moja kwa moja na ule mkono wake wa kusalimiana. "Sasa, Afande Mwende! Hongera. Siku ukinishika, fanya kazi yako lakini mdomo uache. Mdomo ulishaumaliza." Mkacheka. Ulicheka ukaangalia chini. Mama Wanja alikuwa kando yangu akaniambia, bila chuki hata kidogo, na hilo linanikata maini mpaka leo: "Unaona, Mama Mwende? Ile video imemnyima mwanangu kazi."

Nami nikasema, "Eeh."

Miaka minane, na bado mdomo wangu ulikuwa na hiyo "eeh" tayari.

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Ulikuwa na furaha, nikajiambia kesho. Kesho ikawa kesho. Alhamisi hii nilikuambia naenda Gikomba kutafuta sandali. Nilikwenda Muthurwa.

Nilimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, anachagua mawe kwenye mchele. Anachagua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia umepinda, vidole vimekaa kama mtu anayeshika kikombe ambacho hakipo.

"Mama Mwende," akasema. "Umezeeka."

"Hata wewe, mzee."

"Mimi nilianza mapema."

Akanipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nimeyapanga vizuri na mistari ya Biblia, na yote yakaniponyoka. Nikasema tu: vile vijiti nilivilainisha mimi, hukuuza wewe, na mtoto nilimtuma mimi. Aliendelea na mchele. Nilidhani masikio yake yamekufa, nikataka kurudia.

"Nilijua siku ile," akasema.

"Ulijua?"

"Yule mama alinionyesha. Vilikuwa laini kama yai. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kupiga msasa vile? Halafu nikakuangalia, na vumbi la mti limekufika kwenye viwiko."

"Na kwa nini hukusema, mzee? Walikuuliza! Walikuvunja mkono!"

Akatoa jiwe moja akalitupa. "Ningesema, wangeniacha mimi wakugeukie wewe. Walikuwa wamekuja kupiga mtu. Na mtoto wako alikuwa mlangoni, anaangalia."

Nililia, Mwende. Nililia mbele ya watu wa Muthurwa, akina mama wa pale wakadhani tumefiwa, mmoja akaniletea chai. Mzee Okumu alikuwa ameangalia picha za kupigana kuliko mtu yeyote katika mtaa wetu. Kila siku, mbili mchana na mbili jioni. Kama zinaingia kwa mtu, yeye angekuwa amejaa mpaka shingoni.

Nilipotulia nikamuuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, "Kwa hivyo hazina ubaya?"

Hakulipenda hilo. "Usinioshe upesi hivyo. Wengi walitoka pale wakapiga hewa teke, wakaenda kula. Lakini kuna mmoja, yule aliyekuwa akikaa mbele kabisa, akirudi kila siku. Yuko jela, aliingia duka la watu na panga. Niliposikia, sikulala. Labda angeenda jela hata bila mimi. Labda. Nilikuwa nasimama mbele ya TV pale pabaya, lakini mwili wangu ni mmoja na ile TV ilikuwa ya inchi ishirini." Akacheka kidogo. Halafu akaniuliza habari zako.

Nilimwambia umechukuliwa uaskari. Akasema, "Vizuri. Anajua mlango ulivyo ukiwa umesimama nje yake." Sijui kama nimelielewa neno hilo. Wewe utalielewa.

Mimi ninachokielewa ni kidogo. Watakupa rungu. Kuna mahali mtu amelikalia akalilainisha, akilifurahia, asijue litampiga nani. Nakuomba siku ukilishika umkumbuke mtu huyo, maana ni mama yako. Na watakuja kwako watu wakiwa wengi, wana damu mkononi kama ushahidi, na mmoja wao atapiga kelele kuliko wengine. Atakuwa na uhakika. Atasema mara tatu. Sikwambii asemalo ni uongo. Nakwambia tu kwamba mimi nilikuwa yeye, na hakuna aliyeniuliza mara ya nne.

Na ile sheria yangu ya kurudishia, naiondoa. Nimechelewa, najua, una miaka kumi na tisa na umechukuliwa kwa sababu huogopi. Lakini kama huko watakuonea, na watakuonea, usisikie sauti yangu ikikutuma. Niandikie. Lia kwenye karatasi, iloweke. Safari hii nitainua kichwa.

Nimekaribia kumaliza, nasikia watoto nje wakikuita "kipara," kwa hivyo uko njiani.

Nilipoinuka kuondoka pale Muthurwa, Mzee Okumu aliniuliza, "Na wale akina mama?"

Nikaanza kutafuta pa kukirudisha kile kikombe cha chai.

"Umekuja mbali kuniambia mimi ninachokijua," akasema. "Wasiojua wako kwenu."

Jumamosi kikundi kinakutana kwa Mama Wanja. Kamau atakuwepo, huwa anatupangia viti. Baba yako nitamwambia kesho ukishaondoka, ili mmoja wetu asikuharibie safari. Kwa akina mama nitasimama baada ya maombi, kabla ya chai, kwa sababu nikishika kikombe nitaanza kusifu chai. Nitaanza na Kamau. Sitasema "tulikosea." Nitasema nani.

Sijui watanifanya nini. Mama Wanja ni rafiki yangu wa miaka kumi na mitano, na pengine baada ya Jumamosi sitakuwa na rafiki. Naogopa hivi ninavyoandika, angalia vile herufi zinavyotambaa. Usiombe ruhusa kuja kunitetea. Usimtume mtu. Na ukipata habari kutoka nyumbani kwamba mama yako ametolewa kwenye kikundi na bombani hasalimiwi, usihuzunike, mwanangu. Ujue nilisema.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Ndinda